Dawa za kuongeza umakini: namna ya kupima faida na hatari kabla ya kumeza kidonge cha kwanza

Kila mitihani ya taifa inapokaribia, na kila zamu za usiku zinapowaelemea wafanyakazi, swali lile lile husikika mjini Kigoma, kuanzia mabweni ya wanafunzi hadi vijiwe vya madereva wa Mwanga: je, kuna kidonge cha kumfanya mtu akeshe, asome, aelewe na akumbuke? Vidonge vinavyouzwa kwa ahadi hiyo vipo. Baadhi ni dawa halali zilizowasaidia wagonjwa wengi, na baadhi ni biashara tupu. Mwongozo huu unaeleza hatua za kufuata ili mtu aamue huku akijua anachopata na anachotoa. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa mtu mwenye afya njema, dawa hizi hutoa kukesha na kujiamini kwa wingi kuliko zinavyotoa uelewa, ilhali kwa mtu mwenye ugonjwa uliothibitishwa na daktari ni tiba ambayo hapaswi kuionea aibu wala kuiogopa.

Hatua ya kwanza: Liandike tatizo lenyewe

Chukua daftari na uandike kinachokusumbua kwa sentensi ambayo mtu mwingine anaweza kuihakiki. "Nataka kichwa kifunguke" ni sentensi isiyopimika, na kwa sentensi hiyo muuzaji yeyote anaweza kukuuzia chochote. "Nasinzia darasani kila siku saa nane mchana", "nasoma ukurasa mmoja mara tatu bila kujua nilichosoma" na "leo naelewa lakini baada ya wiki moja sikumbuki kitu" ni matatizo matatu tofauti, na kila moja lina njia yake. La kwanza kwa kawaida huanzia kitandani. La pili linaweza kutokana na uchovu, wasiwasi, macho, au tatizo la umakini lililokuwapo tangu utotoni. La tatu mara nyingi linatokana na namna ya kusoma: anayefunika daftari na kujiuliza maswali, kisha akalirudia somo baada ya siku mbili na tena baada ya wiki, hukumbuka zaidi kuliko anayepitia kurasa zile zile mara kumi katika usiku mmoja, na hakuna kidonge kitakachoifanya kazi hiyo kwa niaba yake.

Kwa wiki nzima andika pia saa uliyolala, saa uliyoamka, ulichokunywa na saa ulipokinywa, na vipindi ambavyo kichwa kilikuwa chepesi. Wengi wanaofanya hivyo kwa uaminifu hulipata jibu katika daftari lao wenyewe, na wale wasiolipata humpelekea daktari kumbukumbu yenye thamani kuliko maelezo ya mdomo.

Hatua ya pili: Ondoa kwanza sababu zinazotibika

Hapa ndipo ningependa msomaji akae kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu katika mkoa wetu mambo yanayopunguza umakini ni mengi na mengi kati yake yana tiba nafuu.

Tuanze na usingizi. Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi kwa usiku, na watu wazima saa 7 au zaidi. Ubongo huyapanga na kuyaimarisha yaliyosomwa mchana wakati mtu amelala, kwa hiyo anayekesha ili asome anapunguza wakati ule ule ambao masomo yake yangehifadhiwa. Mwanafunzi anayelala kwa muda wa saa nne tu kila usiku hana sababu ya kuzungumzia dawa ya kumbukumbu kabla hajarekebisha hilo.

Jambo la pili ni damu. Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na malaria ya kurudia, minyoo na lishe duni hupunguza damu taratibu kiasi kwamba mtu huzoea kuchoka na kuona ndiyo hali yake ya kawaida. Anayechota maji, kuoga au kuvua ziwani ana sababu ya kupima kichocho pia. Kipimo cha wingi wa damu huhitaji tone la damu tu: kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita huhesabiwa kuwa upungufu, na kwa mwanamume ni chini ya gramu 13. Binti anayepata hedhi nzito, ambaye anasinzia darasani na kuishiwa pumzi akipanda kilima, anahitaji kipimo hiki kabla ya ushauri mwingine wowote. Atakapopewa vidonge vya madini chuma, asivimeze kwa chai, kwa kuwa chai hupunguza ufyonzwaji wa madini hayo. Chai isubiri saa moja au mbili.

Yapo pia madini joto. Chumvi ya Uvinza imepikwa kutokana na maji ya chemchemi kwa karne nyingi, lakini chumvi yoyote, iwe ya Uvinza au ya pwani, huulinda ubongo pale tu inapokuwa imeongezwa madini joto. Ukosefu wake wakati wa ujauzito na utotoni hudumaza akili kwa namna isiyorekebishika baadaye. Mtu mzima anayeyapata ya kutosha hatakuwa na akili zaidi kwa kuyaongeza, ila mama mjamzito anayeuliza kuhusu dawa ya akili ya mtoto wake jibu lake la kwanza liko katika chumvi anayopikia, akiongeza na vidonge vya madini chuma anavyopewa kliniki.

Mengine nayataja kwa ufupi. Pima macho. Chunguza dawa unazomeza, kwa maana piritoni inayotumiwa kwa mafua na mzio huleta usingizi na uzito wa kichwa hadi siku inayofuata. Ikiwa umepoteza hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda, hulali vizuri na unajiona huna thamani kwa wiki mbili au zaidi, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona huharibu umakini kuliko watu wanavyodhani. Ina tiba yake.

Hatua ya tatu: Ijue dawa kwa jina

Katika baadhi ya maduka ya dawa mazungumzo huwa mafupi. Kijana anaegemea kaunta na kusema, "Dokta, nipatie vile vidonge vya kukeshea." Muuzaji anauliza, "Vya shilingi ngapi?" "Vya elfu moja." Mkasi unapita kwenye pakiti, vidonge vinne vinatumbukizwa katika bahasha ndogo ya kaki, na juu ya bahasha inaandikwa 1x2 kwa kalamu ya bluu. Kipande chenye jina la dawa, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi kinarudi rafuni. Kijana anaondoka bila kujua amenunua nini, na akizidiwa usiku, muuguzi wa zamu hatakuwa na pa kuanzia.

Kitu kisicho na jina hakiwezi kupimwa faida wala hatari. Omba uione pakiti, nakili jina halisi la dawa pamoja na lile la biashara, kiwango cha miligramu na tarehe. Ukinyimwa, usinunue.

Majina utakayokutana nayo ni machache. Methilifenidati, inayojulikana zaidi kwa jina la biashara la Ritalin, ilitengenezwa Uswisi mwaka 1944, na hutibu tatizo la upungufu wa umakini na utundu uliopitiliza. Amfetamini ni kongwe zaidi, ya mwaka 1887, na majeshi ya pande zote mbili katika Vita Kuu ya Pili yaliwapa askari dawa za jamii hiyo ili wasilale. Zote mbili huongeza dopamini na noradrenalini, kemikali zinazobeba ujumbe kati ya seli za ubongo. Modafinili ilitoka Ufaransa katika miaka ya 1990 kwa ajili ya wagonjwa wa nakolepsia, yaani wanaoshikwa na usingizi wa ghafla mchana. Donepezili ni ya wazee wenye ugonjwa wa Alzheimer, unaofuta kumbukumbu taratibu, na haina kazi kwa mwanafunzi. Pirasetamu ilibuniwa Ubelgiji mwaka 1964, na ushahidi wa kumsaidia mtu mwenye afya ni hafifu sana.

Kisha kuna virutubisho vya majani na mafuta vinavyotangazwa kwa nguvu. Ginkgo, maarufu kuliko vyote, ilijaribiwa Marekani kwa wazee 3,069, miligramu 240 kila siku kwa miaka kadhaa, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kwamba haikuzuia kupotea kwa kumbukumbu. Kwa upande mwingine inaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mwisho kuna kafeini, ambayo iko katika chai, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo vijana huviita enaji. Hii nayo ni dawa, tena ndiyo iliyochunguzwa kuliko zote.

Hatua ya nne: Uliza faida imepimwaje, na kwa nani

Ushahidi kwamba methilifenidati humsaidia mtoto mwenye tatizo la umakini ni wa nguvu. Ushahidi huo hauhamii kwa mtu mwenye afya kwa sababu tu kidonge ni kile kile. Tafiti zilizokusanywa kuhusu watu wenye afya zinaonyesha nafuu ndogo, inayotofautiana kati ya kazi na kazi, na inayoonekana zaidi kwa mtu aliyekosa usingizi kuliko kwa aliyelala.

Utafiti mmoja wa mwaka 2023 unastahili kuelezwa kwa kirefu. Watu 40 wenye afya walipewa, kwa siku tofauti, methilifenidati, deksamfetamini (aina ya amfetamini), modafinili, na kidonge kisicho na dawa, kisha wakaombwa kutatua fumbo la kuchagua vitu vya thamani na uzito tofauti ili kujaza mkoba bila kuzidisha kilo zilizowekwa. Walipokuwa wamemeza dawa walitumia muda mrefu zaidi na walihamisha vitu mara nyingi zaidi, lakini ubora wa kila hatua ulishuka, na waliokuwa wakifanya vizuri kuliko wastani bila dawa walielekea kushuka chini ya wastani walipoimeza. Bidii iliongezeka, mpangilio ukapungua. Mtihani wa Fizikia au wa Uhasibu hupimwa kwa mpangilio.

Kuna utafiti mwingine, wa mwaka 2013, ambamo watu waliomeza chumvi za amfetamini waliamini kuwa wamefanya vizuri zaidi, ilhali vipimo havikuonyesha tofauti ya maana. Kwa hiyo ushuhuda wa rafiki anayesema "mimi ilinisaidia sana" upokee kwa heshima, lakini usiuhesabu kama kipimo, kwa kuwa hisia ya kufanya vizuri ni sehemu ya kile ambacho dawa yenyewe huleta.

Hatua ya tano: Pima hatari kwa mwili wako wewe

Dawa zote za kuchangamsha huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu, hupunguza hamu ya kula na huondoa usingizi. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, kifafa, au historia ya kusikia sauti na kuona visivyokuwapo, awe yeye mwenyewe au ndugu wa damu, anabeba hatari kubwa zaidi na asijaribu kabisa bila daktari. Amfetamini na methilifenidati zinaweza kuleta utegemezi, hasa zinapotumiwa kwa viwango vinavyopandishwa kila wiki.

Modafinili ina jambo ambalo wanawake wengi hawaambiwi. Huamsha vimeng'enya vya ini vinavyovunja homoni, na kwa hiyo hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya kijiti kinachowekwa mkononi, wakati wa kuitumia na kwa mwezi mmoja baada ya kuacha. Inahusishwa pia na kasoro za kuzaliwa kwa mtoto. Mwanachuo anayetegemea kijiti na akameza modafinili ili asome anaweza kupata mimba asiyoitarajia, huku dawa hiyo hiyo ikiwa hatari kwa mimba hiyo. Vimeng'enya hivyo huvunja dawa nyingine pia, kwa hiyo anayetumia ARV, dawa za kifafa au dawa yoyote ya kudumu lazima amweleze daktari. Mara chache hutokea upele mkali unaobambua ngozi na kuunguza midomo na macho. Huo ni wa kukimbizwa hospitali.

Kisha kuna hesabu ya muda, ambayo kila mtu anaweza kuifanya nyumbani. Nusu ya modafinili hubaki mwilini baada ya saa 12 hadi 15, maana yake aliyeimeza saa mbili usiku bado ana kama nusu yake kesho yake saa tano asubuhi. Kafeini hupungua kwa nusu baada ya saa 5 hivi. Chupa ya enaji ya mililita 500 yenye miligramu 32 katika kila mililita 100 ina miligramu 160. Ikinywewa saa tano usiku, saa kumi alfajiri zimebaki 80, karibu sawa na kikombe cha kahawa, na mtihani unaanza saa mbili asubuhi.

Hatua ya sita: Chunguza inatoka wapi na sheria inasemaje

Dawa halali nchini imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Kidonge kilicholetwa na msafiri kwa boti kutoka ng'ambo ya ziwa au kilichoagizwa kwa simu kinaweza kuwa bandia, na huna namna ya kujua kwa macho. Methilifenidati na amfetamini zimo katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, hivyo kuwa nazo bila cheti cha daktari ni jambo la kisheria kabla ya kuwa jambo la afya. Mirungi, ambayo Kenya ni zao halali, hapa kwetu ni dawa ya kulevya. Dereva anayetafuna ili afike Kahama bila kulala anahatarisha leseni yake na abiria wake, kwa sababu kathinoni, kemikali ya kuchangamsha iliyomo katika mirungi, ni ndugu wa amfetamini na ikiisha usingizi hurudi kwa ghafla.

Hatua ya saba: Weka mizani katika ukurasa mmoja

Rudi kwenye daftari. Upande mmoja andika nafuu unayoitarajia, kwa nani imethibitishwa, na kama kuna njia nyingine ya kuipata. Upande wa pili andika magonjwa yako, dawa unazotumia, ujauzito au mpango wake, gharama ya mwezi, sheria, na usingizi utakaoupoteza. Katika ukurasa wa mwanafunzi mwenye afya aliyebakiza wiki sita kabla ya mtihani, upande wa kwanza huwa na mstari mmoja wenye wasiwasi na upande wa pili hujaa. Kwake ushauri wangu ni asitumie dawa za cheti. Ukurasa wa kijana ambaye tangu darasa la pili hawezi kumaliza kazi, hupoteza vitu kila siku na hukatiza kila mazungumzo unasomeka tofauti, na huyo kumnyima uchunguzi ni kumdhulumu. Mzazi asimwite mvivu kabla daktari hajasema.

Anayehitaji kitu cha kumchangamsha kwa kazi ya siku moja, kafeini ndiyo chaguo lenye hatari ndogo, nayo ina vipimo vyake. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 kwa siku, zisizidi 200 kwa mara moja, na mjamzito zisizidi 200 kwa siku nzima. Kwa kijana kiwango kilichopendekezwa ni miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili, hivyo mwenye kilo 50 hufikia kikomo kwa miligramu 150, na ile chupa moja ya enaji tayari imemvusha. Kikombe cha kahawa cha mililita 200 kina kama miligramu 90, cha chai kama 50. Jaribu siku ya kawaida, kamwe isiwe asubuhi ya mtihani, na usitumie baada ya saa nane mchana ikiwa unataka kulala usiku. Dereva aliyechoka asimamishe gari, anywe kahawa, kisha alale dakika 15 hadi 20, kwa kuwa kahawa huanza kufanya kazi karibu na wakati atakapoamka. Hilo ni la kumfikisha mahali pa kulala, na lisigeuzwe ruhusa ya kuendesha usiku kucha. Aliyezoea vikombe vingi apunguze kidogo kidogo, maana kuacha ghafla huleta maumivu ya kichwa yanayoanza ndani ya saa 12 hadi 24 na kuweza kudumu zaidi ya wiki.

Hatua ya nane: Onana na daktari, na jua dalili za kukimbilia hospitali

Ukiona mizani inaelekea kwenye dawa, anzia kituo cha afya kilicho karibu na uombe rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni; ikihitajika, utaelekezwa kwa mabingwa wa afya ya akili Bugando au Muhimbili. Nenda na daftari lako. Uliza maswali manne bila haya: ugonjwa wangu unaitwaje, dawa hii tutajuaje kwamba imefanya kazi, lini tutaipima upya, na nitaiachaje. Daktari akuandikie kiwango, wewe usikipandishe, na usimgawie mwenzako hata kidonge kimoja, kwa kuwa kipimo kilichofaa kwa moyo wako hakikupimwa kwa wake.

Maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio usiotulia, kuzirai, degedege, kuchanganyikiwa, kusikia sauti zisizokuwapo, upele wenye malengelenge, au mawazo ya kujidhuru ni dalili za kwenda hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Wanaompeleka mgonjwa wabebe pakiti, chupa na vidonge vilivyobaki, na wamweleze muuguzi kila alichomeza na saa alipokimeza, hata kama ni kitu kilichokatazwa na sheria, kwa sababu matibabu atakayopewa yanategemea kilichomo mwilini mwake.